Pambizo la Mzee Gichana

Wiki chache baada ya kutoka hospitalini, Mzee Gichana alianza kuwalaumu waandishi wa magazeti. Alisema wamekuwa wavivu. Alisema sentensi zao siku hizi zinaanzia katikati, kama mtu anayeingia kwenye mazungumzo ya wenzake bila hodi. Binti yake Mong'ina, aliyekuwa akimkanda mguu asubuhi hiyo kabla ya kwenda kazini, aliendelea kukanda. Alidhani ni hasira za ugonjwa tu. Kiharusi kilikuwa kimemwacha mzee na mkono wa kushoto mzito na mguu wa kuburura, ila ulimi ulikuwa umepona, na kwa kuwa ndio uliomtii sawasawa, aliutumia kutwa nzima.

"Sikiliza hii, mama," mzee alisema, gazeti likiwa magotini. Alimwita mama kwa sababu Mong'ina alikuwa amepewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Gichana. "'Amesema barabara hiyo.' Nani amesema? Barabara gani?"

"Labda imeandikwa juu, Baba."

"Juu nimesoma. Huko juu pia ni upuzi."

Aliyeng'amua tatizo kwanza ni Lynnet, jirani yao pale Homa Bay, ambaye alikuwa akishinda na mzee mchana Mong'ina akiwa kazini. Lynnet hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni moja alimsubiri Mong'ina langoni, akamshika mkono kabla hajaingia.

"Dada, mzee anakula nusu sahani. Upande mmoja anamaliza safi kabisa, upande wa pili haugusi. Nikizungusha sahani, ananishukuru kwa kumwongezea."

Mong'ina alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Kisha aliingia ndani, akamwona baba yake kwenye kiti karibu na dirisha, na kicheko kikamwishia. Mzee alikuwa amejinyoa. Shavu la kulia lilikuwa laini kama la mtoto. La kushoto lilikuwa na ndevu nyeupe zilizosimama wima, na mzee alikuwa akijipapasa lile la kulia kwa kuridhika.

Mong'ina alikuwa amezaliwa Macalder, wakati baba yake alipokuwa na kinu cha kusaga mahindi karibu na machimbo. Watu wa kwao walikuwa wameteremka kutoka Kisii zamani, wakifuata biashara, na Gichana hakuwahi kutafuta dhahabu hata siku moja. Alisema wachimbaji wote wanakula ugali, na hilo lilimtosha. Jumamosi, kwa kuwa alikuwa Msabato, alifunga kinu, akavaa koti, akaenda kanisani. Siku nyingine, injini ikishanguruma vizuri, alikaa kwenye gunia na gazeti la Kiswahili ambalo aghalabu lilikuwa la jana, akalisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Hakumsomea mtu. Ukimwuliza kumeandikwa nini, alikwambia ununue lako.

Baada ya mama yake Mong'ina kufariki, Gichana aliuza kinu, akahamia Migori mjini, na Mong'ina akasoma huko hadi akaenda chuo Kisumu kujifunza kompyuta. Aliwahi kuolewa Rongo. Ndoa ile ilikwisha bila ugomvi na bila mtoto, akarudi kutafuta kazi, akaipata Homa Bay, katika kampuni ndogo ya kuhifadhi samaki kwenye vyumba vya baridi. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo inayopima baridi ya kila chumba. Mitambo hiyo ilimwaga taarifa zake kwenye dirisha jeusi la kompyuta, maandishi matupu, mstari juu ya mstari, bila picha wala kitufe cha kubonyeza. Wafanyakazi wa zamu waliliita "ile nyeusi". Hawakuipenda, kwa sababu taarifa zilikuja zimesongamana. Mstari mrefu ulivunjika katikati ya neno, chumba cha tatu kikaonekana kama cha pili, na siku moja sangara wengi waliharibika kwa sababu mtu wa zamu alisoma mstari usio wake.

Hapo ndipo Mong'ina alipotunga programu ndogo, ndogo kiasi kwamba aliona haya kuiita programu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchukua maandishi yanayokwenda kwenye ile nyeusi na kuyapanga. Iliyapa nafasi upande wa kushoto, ikayakata mistari mifupi mahali panapofaa, na chumba kilichoanza kupata joto kiliwekewa mstari mwekundu ukingoni ili jicho likione upesi. Aliiita Pambizo, kwa sababu kile alichoongeza hakikuwa zaidi ya pambizo, ile nafasi nyeupe inayoachwa pembeni mwa ukurasa. Baadaye aliiweka kwenye mtandao, mtu yeyote aichukue bure. Watu wachache waliichukua. Bwana mmoja wa Brazili aliipenda, akawa anamwandikia mara kwa mara kuuliza hiki na kuomba kile, na Mong'ina alimjibu akipata nafasi.

Halafu baba yake alianguka akitoka bafuni kule Migori, Mong'ina akamleta Homa Bay akae naye, na nafasi ikapotea.

Katika hospitali ya Homa Bay, mtaalamu aliyewafundisha wagonjwa wa kiharusi kuvaa, kula na kujihudumia tena alikuwa mwanamke kijana aitwaye Shamima, ambaye familia yake iliuza vitambaa Migori. Mong'ina alimweleza habari ya sahani na ndevu. Shamima alichukua karatasi, akachora saa bila namba, akamwomba mzee aziandike. Mzee aliandika namba zote, kuanzia moja hadi kumi na mbili, zikabanana upande wa kulia kama abiria ndani ya matatu, na upande wa kushoto ukabaki mtupu. Alimrudishia karatasi kama mtu aliyemaliza kazi.

"Macho yake ni mazima," Shamima alimwambia Mong'ina walipotoka nje. "Ni ubongo uliosahau kwamba kuna kushoto. Kwake yeye hakukosekani kitu. Ndiyo maana ukimwambia anakasirika."

"Gazeti je?"

"Anasoma nusu ya kulia ya kila mstari. Sisi huwa tunachora mstari mwekundu ukingoni mwa kushoto, halafu tunamwambia asianze kusoma mpaka auone. Jaribu nyumbani. Lakini usimchoshe. Na wewe usijichoshe."

Hilo la mwisho Mong'ina hakulisikia, au alilisikia kama watu wanavyosikia salamu.

Alinunua kalamu nyekundu. Kila jioni alichora mistari kwenye gazeti la mzee, lakini ukurasa wa gazeti una safu nyingi, na mzee aliruka kutoka safu moja hadi nyingine, akaunganisha habari ya mafuriko ya Nyatike na bei ya sukari, akazidi kuwadharau waandishi. Alijaribu simu. Mzee aliigusa kwa kidole gumba, habari ikatoweka, tangazo la mikopo likatokea mahali pake. Aliitupa simu kitandani.

"Niachie tu," alisema. "Nitasikiliza redio."

Lakini redio hakusikiliza. Alikaa dirishani na gazeti lililofungwa magotini, na hilo ndilo lililomuumiza Mong'ina kuliko kelele zake zote.

Wazo lenyewe lilimjia kazini, akiwa amechoka kiasi cha kutazama kitu bila kukiona. Alikuwa ameamka alfajiri kumwosha mzee, akapika uji wa wimbi, akafua shuka, akakimbilia kazini akakuta chumba kimoja kimepata joto. Sasa alikuwa ameketi mbele ya ile nyeusi, kidevu mkononi. Mistari mifupi, herufi kubwa, giza pande zote, na ukingoni mstari mwekundu. Hakuna safu ya pili. Hakuna tangazo. Hakuna kitu kinachokimbia ukikigusa. Alikaa wima. Hiki ndicho alichokuwa akikichora kwa kalamu, na alikuwa amekitunga yeye mwenyewe miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya samaki.

Meneja alimruhusu kuchukua laptopu kuukuu iliyokuwa kabatini. Mchana, wenzake wakienda kula, Mong'ina alinakili habari mbili tatu kutoka tovuti ya gazeti, akazipitisha kwenye Pambizo, akapanua herufi hadi zikawa kubwa kama za ubao wa darasani. Akaipanga ili mzee akibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, maandishi mengine machache yaje, na yale ya kwanza yaondoke. Jioni aliiweka laptopu juu ya meza ndogo mbele ya kiti cha mzee.

"Hii ni nini?"

"Gazeti. Tafuta mstari mwekundu kwanza, Baba. Ukiuona, ndipo uanze."

Mzee alitazama. Alitazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Hakuna mstari."

Mstari ulikuwepo. Ulikuwa kushoto kabisa, pale ambapo kwa mzee hapakuwa na mahali. Mong'ina alikaa kitandani akacheka tena, kicheko cha uchovu. Ni kama alikuwa ametundika taa nyuma ya ukuta.

Shamima ndiye aliyemsaidia, kwa simu. "Usiuweke asikoangalia. Uweke anakoona, halafu umsogeze kidogo kidogo. Asijue."

Basi Mong'ina aliiongezea Pambizo kitu kipya. Maandishi yote yalihamia nusu ya kulia ya skrini, mstari mwekundu ukawa katikati, na kila baada ya siku kadhaa yeye aliusogeza kushoto kwa nafasi ya herufi moja. Kulitokea matatizo. Rangi kwenye dirisha jeusi huletwa na alama za siri ambazo msomaji hazioni, na programu ilizihesabu alama hizo kama herufi, kwa hiyo kila palipokuwa na wekundu mstari ulikatwa mapema, ukabaki kama kisiki. Alilirekebisha hilo akiwa kwenye benchi la hospitali, mzee akiwa ndani akifundishwa kufunga vifungo vya shati. Kisha likaja la ng'ombe.

"Mama," mzee aliita siku hiyo, kwa sauti ambayo Mong'ina hakuwa ameisikia kitambo. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya mtu aliyekamata kosa. "Nani amechinja huyu ng'ombe katikati?"

Mong'ina aliinama kutazama. Habari ilihusu wizi wa mifugo upande wa Kuria. Mstari mmoja uliishia na "ng'" na uliofuata ukaanza na "ombe". Programu ilidhani ile alama ndogo ya juu ndiyo mwisho wa neno. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amejua, kwa sababu vyumba vya baridi havina ng'ombe. Hata jina lake mwenyewe lingekatwa vipande viwili kama lingeangukia mwisho wa mstari.

"Ni kosa langu, Baba. Nitalirekebisha."

"Rekebisha. Mtu hawezi kusoma mzoga."

Lakini alikuwa ameliona. Alikuwa amefika mwisho wa mstari, akarudi kushoto, akaupata mwanzo wa unaofuata. Mong'ina alisimama nyuma ya kiti, mikono ikiwa na sabuni.

Zilifuata wiki ambazo mtu wa nje angeziita nzuri. Kila jioni baada ya chakula mzee alisoma. Alisoma polepole, midomo ikitembea, kidole cha kulia kikiwa juu ya kitufe. Lynnet wakati mwingine alibaki kidogo kumsikiliza akigombana na wanasiasa wa kwenye skrini, kisha akachukua kikapu chake. "Haya, mzee, oriti," aliaga kwa Kijaluo, na mzee aliinua mkono bila kugeuka. Mstari mwekundu ulikuwa umeondoka katikati, ukafika robo, ukaendelea. Mong'ina alikuwa ameweka kiti chake pembeni, na kazi yake ilikuwa kungoja. Mzee akikwama, alimwambia, "Tafuta mwekundu, Baba." Mzee akiupata, alipumua.

Ila Mong'ina alikuwa akiisha. Si kwa jambo moja ambalo angeweza kulitaja. Alianza kusahau chumvi. Alipanda hadi kwa daktari wa meno akakumbuka mlangoni kwamba miadi ilikuwa ya wiki iliyopita. Kule kazini alijikuta akisoma taarifa ileile mara tatu. Alfajiri simu ya mitambo ilipolia kumwambia chumba kimepata joto, aliitazama kwanza kwa chuki, kama vile imemkosea makusudi. Kaka yake Bogonko, aliyekuwa na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Osiri, alipiga simu kila Jumapili.

"Mzee anaendeleaje?"

"Anasoma."

"Wewe una akili, dada. Mimi hayo mambo ya kompyuta singeweza."

"Hata kumwogesha kunahitaji kompyuta?"

Bogonko alicheka, akasema mtandao unakatika, akaaga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyegundua zamani kwamba sifa ni rahisi kuliko nauli.

Na yule bwana wa Brazili aliandika. Kule kurekebisha ng'ombe kulikuwa kumeharibu jedwali fulani lake, kwa sababu katika programu zake alama ileile ndogo ilikuwa na kazi nyingine. Aliandika kwa upole. Aliandika tena. Mara ya tatu aliuliza kama yuko salama. Mong'ina aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama jikoni, sufuria ya ndizi ikichemka, na ghafla macho yakamlowa kwa sababu mtu asiyemjua, ng'ambo ya bahari, ndiye aliyekuwa ameuliza.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mvua imetoka kunyesha, ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mzee alikuwa amesoma nusu ya habari kuhusu shule iliyoezuliwa paa. Akaacha. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Mama, hii itaisha lini?"

"Imebaki kidogo. Kama mara tatu ubonyeze."

"Si habari. Hii kusoma."

Mong'ina hakuelewa. Alidhani kichwa kinamuuma, akamgusa paji la uso. Mzee alikisogeza kichwa pembeni, si kwa ukali.

"Nilidhani unapenda, Baba."

"Nilipenda kusoma. Hii si kusoma. Hii ni kupalilia. Natafuta mstari, naupata. Natafuta neno, nalipata. Nikifika mwisho nimesahau nilianzia wapi, narudi tena kama mtu aliyeangusha jembe." Aliondoa kidole kwenye kitufe. "Nikiinua macho nakuona umekaa hapo na ile sura."

"Sura gani?"

"Ya mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nikasema basi, acha nisome. Umehangaika na hii kitu."

Mong'ina alisimama, akaenda jikoni, akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Alifikiria saa za chakula cha mchana alizoacha kula. Alifikiria ile herufi moja moja aliyoisogeza kwa siri kama mwizi. Angeweza kusema mengi. Lakini maji yalivyokuwa yakimwagika mikononi alijiuliza ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alipofurahia jioni zile, na hakuipata. Alikuwa akikaa pale kwa sababu mzee anasoma. Mzee alikuwa akisoma kwa sababu yeye amekaa pale. Alifunga bomba, akaegemea sinki kwa muda.

Aliporudi, mzee alikuwa ameifunika laptopu kwa mkono wake mzima, taratibu, asiivunje.

"Nataka kwenda Migori," alisema.

"Huko nani atakuogesha?"

"Nyatichi." Nyatichi alikuwa dada yake mdogo, mjane, mwimbaji wa kwaya, mwenye nyumba yenye kelele karibu na soko. "Ameniambia niende tangu zamani. Nilimkatalia kwa sababu yako. Nilidhani unanitaka hapa."

"Nakutaka hapa."

"Najua. Lakini umekonda, mama."

Walibishana, ila si sana. Hakuna kati yao aliyekuwa na nguvu za kubishana vizuri. Kabla ya giza kuingia Mong'ina alikuwa amempigia shangazi yake, na Nyatichi, badala ya kushukuru au kulalamika, aliuliza tu kama mzee bado anakataa maharage.

Hospitalini, walipokwenda kuaga, Mong'ina alitarajia Shamima atasikitika. Hakusikitika. Alimwomba mzee asimame atembee hadi mlangoni na kurudi. Mzee alikwenda akiburura mguu, akaupita mlango bila kugonga bega kwenye mwimo wa kushoto, akageuka, akarudi. Hapo ndipo Mong'ina alipokumbuka kwamba miezi iliyopita bega lile lilikuwa na michubuko kila siku, na kwamba michubuko ilikuwa imekwisha bila yeye kuona.

"Amejifunza kugeuza shingo kushoto," Shamima alisema. "Hilo ndilo nililolitaka mimi. Gazeti ni lake, akitaka asome, asipotaka asisome."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia usimchoshe." Kisha Shamima alishusha sauti. "Hiyo programu yako, naweza kuiomba? Kuna mama mmoja wa Kisegi, mwalimu. Yeye analia anataka kusoma. Kompyuta tunayo, haina mtu wa kuitumia."

Mong'ina alikuwa amechoka. Jibu la kwanza lililomjia lilikuwa hapana. Alitazama saa ya ukutani, akatazama baba yake aliyekuwa akifunga vifungo vya koti kwa mkono mmoja, akasema atakuja mchana wa siku inayofuata. Alikuja. Aliiweka Pambizo kwenye kompyuta ya hospitali, akamwonyesha Shamima jinsi ya kuusogeza ule mstari, mara mbili, polepole, hadi Shamima akaweza peke yake. Hakumsubiri yule mwalimu wa Kisegi aje. Hakutaka kuona sura yake akisoma, wala yeye mwenyewe kuwa na ile sura ya kungoja mbele yake.

Jioni hiyo alimwandikia bwana wa Brazili. Alimwomba radhi kwa kimya. Alimweleza kwamba baba yake ni mgonjwa, kwamba rekebisho la ng'ombe haliwezi kuondolewa kwa sababu huku kwao maneno mengi yana alama hiyo, majina ya watu pia, na kwamba kwa mengine yote akitaka kuitunza programu badala yake, yuko radhi. Bwana huyo alijibu kesho yake kwamba ataitunza, na ng'ombe watabaki wazima. Mong'ina alimpa ruhusa, akaizima kompyuta, akalala bila kula.

Bogonko ndiye aliyekuja na gari la rafiki yake kumchukua mzee. Alikuwa amevaa shati jipya, akambeba baba yake hadi kwenye kiti cha gari kwa uangalifu uliomshangaza dada yake. Mzee alichukua redio, Biblia, na nguo zake. Laptopu aliiacha mezani, na Mong'ina aliirudisha kabatini kazini. Lynnet alisimama langoni hadi gari lilipopotea, halafu akaingia kumsaidia Mong'ina kukunja shuka. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Kwa wiki kadhaa Mong'ina aliamka alfajiri ileile, akakaa kitandani, akakumbuka hakuna wa kuogeshwa, na hakujua kama lile lililompitia kifuani ni nafuu au kitu kingine.

Alikwenda Migori Sabato moja, mwezi uliofuata. Alimkuta mzee barazani kwa Nyatichi, amevaa koti, amenyolewa pande zote mbili kwa mkono wa Nyatichi ambaye, kwa maelezo ya mzee, hunyoa kama mtu anayemenya viazi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alilalamika kuhusu kwaya, kuhusu joto, kuhusu watoto wa jirani. Kuhusu kusoma hakusema kitu, na Mong'ina hakuuliza. Gazeti lilikuwepo juu ya stuli, limekunjwa, na hakuweza kujua ni la nani.

Walikula chakula kilichopikwa Ijumaa. Baadaye Mong'ina aliketi kwenye kochi la sebuleni, miguu akaiinua kidogo tu, apumzike kabla ya kuosha vyombo. Sauti za watu wa kanisani waliokuja kumjulia hali mzee zilimfikia kwa mbali. Mtu aliuliza kama huyu ndiye binti yake wa Homa Bay, yule wa kompyuta. Mwingine alitaka aamshwe wamsalimie.

"Mwacheni," alimsikia baba yake akisema. "Amechoka huyo. Alikuwa na mimi."

Alitaka kufungua macho awasalimie watu, maana haikuwa adabu. Hayakufunguka. Wageni walihamisha viti vyao nje, na mtu, pengine Nyatichi, akavuta pazia.